BAISKELI YA KUKATWA MSHAHARA: NI MSAADA AU NI MZIGO?

(Haya ni maneno aliyosema mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wafanyakazi mjini Mpanda. Tunayachapa kama yalivyosemwa, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wamo katika jambo hili hili.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengine wanaliona dogo. Siku hizi wako waajiri wanaowaambia watu wao hivi: "Wewe unakuja kazini kwa miguu, unafika umechoka, tena umechelewa. Chukua baiskeli leo, nami nitakukata kidogo kidogo katika mshahara mpaka deni liishe." Baadhi yenu mmekwisha kutia sahihi. Baadhi mnasita. Na wengine mmenijia nyumbani mkaniuliza: "Ndugu, jambo hili ni msaada au ni mtego?"

Sitawajibu kwa ndiyo au siyo kabla hatujafanya hesabu pamoja. Mtu akikupa jibu bila hesabu amekupa maoni yake tu, na maoni ya mwenzio hayalipi deni lako.

Kwanza tuiseme baiskeli yenyewe. Hakuna mtu wa Katavi anayehitaji kufundishwa thamani ya baiskeli. Simama asubuhi kwenye njia ya kutoka Kakese au Mwamkulu utazame. Utaona magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi, mkaa, madumu ya maji, kuku waliofungwa miguu, na mtoto wa shule amekaa juu ya keria akishika kiuno cha baba yake. Baiskeli haili majani wala hainywi petroli. Ikiharibika, fundi aliye chini ya mwembe anaitengeneza kwa spana mbili na kipande cha mpira. Mali kama hiyo ni ya kuheshimiwa.

Tena tuhesabu wakati. Mtu anayekaa kilomita 6 kutoka kazini hutembea saa moja na robo kwenda, na saa moja na robo kurudi. Kwa baiskeli ni kama nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Basi kila siku anaokoa saa moja na nusu. Kwa siku 26 za kazi anaokoa saa 39, yaani karibu siku 5 za kazi za saa nane nane. Katika saa hizo mtu anaweza kupalilia bustani, kusomesha watoto wake, au kulala usingizi alioukosa. Kwa hiyo mtu asije akasema nimekuja hapa kuitukana baiskeli. Ninayoichunguza ni ile karatasi inayokuja pamoja nayo.

Na sasa nitawaambia yaliyonipata mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nafanya kazi kwa mwajiri mmoja. Sitamtaja, maana sikuja kushtaki mtu. Siku moja tuliitwa uani tukakuta baiskeli mpya zimepangwa, zinang'aa, kengele zake zinalia vizuri. Tukaambiwa: "Kila mwezi Shs. 30,000/-, kwa mwaka mmoja, basi." Karatasi ikapitishwa. Haikuandikwa bei ya baiskeli, wala idadi ya miezi. Ilikuwa na majina yetu na nafasi ya sahihi tu. Mimi nilitia sahihi mbio mbio, nikaogopa zisije zikaisha.

Mwezi wa kumi na mbili ukapita. Mwezi wa kumi na tatu nikaona nimekatwa. Nikasema labda karani amesahau. Mwezi wa kumi na nne nikakatwa tena. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa kwamba hizo ni gharama za kuzileta. Nikasema, "Hatukuambiwa." Nikajibiwa, "Lakini ulitia sahihi." Basi nimelipa Shs. 420,000/- kwa baiskeli ambayo dukani, siku zile zile, ilikuwa ikiuzwa Shs. 300,000/- taslimu.

Na si hivyo tu. Rimu ya nyuma ilikuwa imepinda tangu siku ya kwanza. Nilipokwenda kwa muuzaji, aliniambia, "Mimi nimemwuzia mwajiri wako, nenda kwake." Nilipokwenda kwa mwajiri, aliniambia, "Mimi si fundi, nenda kwa muuzaji." Nikawa kama mpira wa watoto, huyu anapiga na huyu anapiga. Mwisho nilinunua rimu kwa fedha yangu, huku nikiendelea kukatwa.

Hata hivyo sikuiuza baiskeli ile. Usiku mmoja mtoto wangu alishikwa na homa kali, na ni baiskeli hiyo hiyo iliyotufikisha kwa mganga wa zahanati kabla ya alfajiri. Ndiyo maana nimesema siichukii baiskeli. Kosa la kwanza lilikuwa langu mimi niliyetia sahihi kwenye karatasi isiyo na hesabu. Kosa la pili lilikuwa la yule aliyeiandaa karatasi ya namna hiyo akijua nini anafanya.

Sasa tufanye hesabu, na kila mmoja aweke bei za kwake mahali pa hizi zangu. Tuseme nisingedhulumiwa ile miezi miwili. Ningelipa Shs. 30,000/- mara 12, yaani Shs. 360,000/-. Bei ya taslimu ni Shs. 300,000/-. Iliyozidi ni Shs. 60,000/-. Mtu atasema: "Sitini juu ya laki tatu ni ishirini kwa mia, si mbaya." Hapana, ndugu yangu, angalia vizuri. Hukukaa na deni la laki tatu mwaka mzima. Kila mwezi ulikuwa ukilipunguza. Kufika katikati ya mwaka deni lilikuwa limekaribia nusu. Ukipiga hesabu ya deni lililokuwapo kweli mwezi kwa mwezi, utaona umelipa riba ya zaidi ya thelathini kwa mia kwa mwaka. Hivyo ndivyo "kidogo kidogo" inavyoficha kikubwa.

Je, hata kwa bei hiyo mtu anaweza kupata faida? Ndiyo, anaweza. Tumchukue mwenzetu anayepanda bodaboda kila siku, Shs. 1,000/- kwenda na Shs. 1,000/- kurudi. Kwa siku 26 ametoa Shs. 52,000/-. Akichukua baiskeli atakatwa Shs. 30,000/-, na tumwekee Shs. 5,000/- za tyubu, mafuta na fundi. Jumla Shs. 35,000/-. Kila mwezi amebaki na Shs. 17,000/- mfukoni, na mwaka ukiisha ana baiskeli yake. Huyo amefaidika, hata kama amelipa riba. Lakini ajue kwamba hapa kwetu mvua huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili. Siku za tope zito bodaboda itamwita tena, basi aziweke siku hizo katika hesabu yake.

Na mwenzetu anayetembea kwa miguu je? Huyo hatoi senti kwa sasa. Akikatwa Shs. 30,000/-, zinatoka katika unga, sabuni na ada za watoto. Faida yake ni ule wakati wa saa 39. Kama wakati huo ataugeuza kuwa mboga za kuuza au kazi ya jioni, vema. Kama hana la kuufanyia, baiskeli itamfurahisha lakini haitajilipa. Kwa hiyo watu wawili wanaofanya kazi chini ya paa moja wanaweza kuulizwa swali moja, na mmoja akajibu ndiyo, na mwingine akajibu bado, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Wako wanaosema: "Lakini mbona Ulaya mpango huu unasifiwa sana?" Ni kweli unasifiwa, lakini tujue kwa nini. Kule Uingereza mpango wa baiskeli za kwendea kazini ulianza mwaka 1999. Mwajiri hununua baiskeli, naye mfanyakazi huikodi kutoka kwake, na makato hutoka katika mshahara kabla kodi ya serikali haijatozwa. Kwa hiyo serikali ya kule huacha sehemu ya kodi yake, na hiyo ndiyo faida ya mfanyakazi. Tena, muda wote wa kukodi, baiskeli ni mali ya mwajiri. Mwishoni mfanyakazi hulipa kiasi fulani ndipo iwe yake.

Na angalieni jambo hili. Kule, mwenye mshahara mkubwa hutozwa kodi kubwa, basi anayeokoa zaidi ni yeye. Na yule mwenye kima cha chini cha mshahara hawezi kuingia, maana sheria hairuhusu makato hayo yamshushe chini ya kima hicho. Yaani mtu anayehitaji baiskeli kuliko wote ndiye anayebaki nje ya mlango.

Huku kwetu kodi ya mshahara hutozwa kwanza, ndipo unakatwa deni la baiskeli katika kilichobaki. Hakuna msamaha wa kodi kwa baiskeli ya kazini. Na hata ungekuwapo, ungetusaidia kiasi gani? Mwaka 2021 ngazi ya kwanza ya kodi ya mshahara ilishushwa kutoka asilimia 9 hadi asilimia 8, tena kwa ile sehemu inayozidi kiwango kisichotozwa kodi. Mfanyakazi mdogo angeokoa fedha kidogo mno. Basi mtu akikuletea karatasi akasema, "Huu ni mpango kama wa Uingereza," mwulize: "Fedha inayopungua inatoka mfukoni mwa nani?" Kama haitoki serikalini, wala haitoki kwa mwajiri, basi inatoka kwako.

Ndugu zangu, sisi watu wa Mpanda si wageni wa makato. Mkulima wa tumbaku anajua. Yeye huchukua mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na siku ya masoko deni hukatwa kwanza kabla hajashika fedha. Mwaka mzuri mambo huenda sawa. Mwaka mbaya mtu hurudi nyumbani na karatasi tu, na pengine amelipia hata deni la mwenzake wa kikundi. Ubaya wa makato ni huu: fedha inaondoka kabla hujaiona, na mtu hapigi kelele kwa kitu ambacho hajakiona.

Tena tunajua kwamba waajiri huja na kuondoka. Reli yetu ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, kwa ajili ya mgodi wa risasi. Watu walikuja kutoka mbali kutafuta kazi. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ilibaki, mji ulibaki, lakini ajira ile iliondoka. Basi anayekopa kwa mwajiri ajiulize: siku nitakapoacha kazi, au kazi itakaponiacha mimi, deni hili litakuwaje? Je, watanikata lote kwa mara moja katika malipo yangu ya mwisho? Mtu anayeogopa kuacha kazi mbaya kwa sababu ya deni la baiskeli amefungwa kama mbuzi kwenye kigingi, ijapokuwa kamba yake ina kengele na breki mbili.

Serikali nyingi zimeliona jambo hili tangu zamani. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1831 ya kuwazuia waajiri wa viwanda wasiwalipe watu mishahara kwa bidhaa za maduka yao wenyewe, maana mfanyakazi alikuwa akipewa bidhaa mbaya kwa bei ya juu na hana pa kwenda. Na hapa kwetu tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo haimruhusu mwajiri kukukata deni apendavyo. Lazima wewe mwenyewe uwe umekubali kwa maandishi. Na kama deni ni la bidhaa ulizonunua, yale maandishi lazima yataje ni bidhaa gani na kiasi gani. Kwa hiyo ile karatasi yangu tupu haikuwa karatasi ya haki. Ningalijua hivyo siku ile, ningalikwenda kwa Afisa Kazi, na mambo yakishindikana, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikujua, nikanyamaza. Ninyi sasa mmejua.

Basi nije kwenye jibu langu. Nasema baiskeli ya kukatwa mshahara inafaa, lakini kwa masharti matano. Yakikosekana hata mawili, iache.

La kwanza, bei ya taslimu iandikwe. Kabla ya kutia sahihi, nenda dukani uulize baiskeli ile ile, tairi zile zile, inauzwaje. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo unayolipia kukopa.

La pili, idadi ya miezi na jumla ya fedha yote iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, nawe upewe nakala. Na kila mwezi hati yako ya mshahara ionyeshe umekatwa kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Mwezi wa mwisho uwe na jina: "Desemba", au "Machi", usiwe "mpaka tutakapokuambia".

La tatu, uandikwe wajibu wa baiskeli ikiwa mbovu. Nani ataibadilisha? Katika siku ngapi? Uijaribu kwanza. Izungushe gurudumu, tazama kama rimu inacheza, kaza cheni, bonyeza breki. Mnunuzi wa ng'ombe humtazama meno. Nawe itazame baiskeli.

La nne, iandikwe itakuwaje ukiacha kazi, ukiugua, au baiskeli ikiibiwa. Uwe na haki ya kuendelea kulipa kidogo kidogo, au kuirudisha na kuhesabiwa ulichokwisha kulipa.

La tano, makato yako yote, ya baiskeli, ya benki, ya ushirika na ya mengineyo, yasikule mpaka ukabaki huna cha kula. Watumishi wa umma wanaijua kanuni ya kwamba mtu asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Mimi namwambia mfanyakazi mdogo ajiwekee kanuni kali kuliko hiyo, kwa sababu theluthi ya kidogo ni kidogo sana.

Lakini sitamaliza kabla sijawaonyesha njia nyingine. Tuchukue watu 10 wanaoaminiana. Kila mwezi kila mmoja atoe Shs. 30,000/-, ile ile ambayo angekatwa na mwajiri. Jumla ni Shs. 300,000/-, yaani baiskeli moja kwa taslimu. Mwezi wa kwanza anapata mmoja, mwezi wa pili mwingine, na mwezi wa kumi wote 10 wana baiskeli. Kila mmoja ametoa Shs. 300,000/- tu. Zile Shs. 60,000/- za kila mtu, jumla yake Shs. 600,000/-, zimebaki mifukoni mwetu. Hizo ni baiskeli mbili zaidi! Upatu mnaujua, mama zetu wanaucheza kila siku na kununulia masufuria na mabati. Kwa nini wanaume tuone haya kuucheza kwa ajili ya baiskeli?

Nitasema na udhaifu wake, nisije nikawa kama muuzaji. Wa kumi atangoja miezi kumi, basi anayekaa mbali zaidi, au mama mwenye mtoto mchanga, apewe kwanza, na hilo lipatanwe mapema. Na akitokea anayepokea baiskeli mwezi wa pili kisha akahama mji, wengine wataumia. Ndiyo maana nimesema watu wanaoaminiana, tena wenye kuandikiana. Na mahali palipo na chama cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi, mtu aulize riba yake, ailinganishe na ya mwajiri. Huko nako utakatwa mshahara, lakini kwa chama ambacho wewe ni mwenyewe, unapiga kura, na una haki ya kuuliza hesabu mkutanoni.

Na kwa waajiri waliotuma watu kuja kunisikiliza, maana najua wamo, nawaambia kwa heshima. Mfanyakazi anayefika mapema bila uchovu ni faida yenu pia. Kama kweli mnataka kumsaidia, mnunulie baiskeli kwa bei ya jumla, mkate bei hiyo hiyo bila kuongeza hata senti, na mweke banda la kuzifungia zisiibiwe. Mtu atawashukuru kwa moyo. Lakini kama baiskeli imekuwa duka la pili la mwajiri, msiite hilo msaada. Liiteni biashara, nasi tutabishana bei kama sokoni.

Ndugu zangu, kesho asubuhi baadhi yenu mtaletewa karatasi. Msiirarue, wala msiitie sahihi hapo hapo. Ikunjeni, nendeni nayo nyumbani, mkae na wake zenu na waume zenu mwisome kwa taa. Asiyejua kusoma vizuri asione haya, amwite mtoto wake wa shule amsomee kila neno. Kisha pigeni hesabu kama tulivyopiga hapa. Ikiwa sawa, rudini mtie sahihi, mwendeshe kwa amani. Isipokuwa sawa, irudisheni mkiwa wengi, mwambie kwa adabu lililopungua. Mmoja akiirudisha karatasi ataitwa mkaidi. Thelathini wakiirudisha, karatasi itaandikwa upya.